Sare ya Mkubwa na Mdogo

Ndugu msomaji, katika michezo yote hakuna tokeo linalodharauliwa kama sare. Timu zikitoka uwanjani pasipo goli, mashabiki hurejea makwao wakinung'unika kwamba nauli zao zimepotea bure. Na pale kibarazani wazee wa mtaa wanapocheza drafti, wakifikia mahali ambapo hakuna awezaye kumfunga mwenzake, vizibo hukusanywa upesi na kupangwa upya, kana kwamba lililopita halikuwako. Lakini iko sare ya namna moja isiyostahili dharau hiyo, nayo ni ile itokeayo baina ya watu wawili ambao kila mtazamaji, kabla hawajaketi, amekwisha kujua nani atashinda. Katika sare ya namna hiyo mmoja huinuka kitini kama mtu aliyeshinda, na mwenzake huinuka kama mtu aliyeibiwa, ingawa karatasi ya matokeo imewapa wote wawili nusu, nusu.

Leo tutazame sare moja kama hiyo katika mchezo wa sataranji. Ilichezwa mwaka 1970 katika mji mdogo wa Schilde, karibu na Antwerp, nchini Ubelgiji.

Upande wa kete nyeupe aliketi Tigran Petrosian. Huyu alikuwa Mwarmenia aliyezaliwa Tbilisi mwaka 1929, naye alichezea Umoja wa Kisovieti. Maisha yake ya ujana hayakuwa ya raha. Alifiwa na wazazi angali mdogo, wakati wa vita, akawa anafagia barabara ili apate riziki. Masikio yake nayo yalidhoofika, hata ukubwani akawa anavaa chombo cha kumsaidia kusikia. Na husimuliwa kwamba wakati wa mashindano alikuwa akikizima, akabaki na utulivu wake peke yake. Mwaka 1963 alimshinda Mikhail Botvinnik akawa bingwa wa dunia. Mwaka 1966 aliutetea ubingwa huo mbele ya Boris Spassky, na mwaka 1969 Spassky huyohuyo akamvua taji. Kwa hiyo mtu aliyeketi Schilde alikuwa bingwa wa jana tu.

Tena hakuwa bingwa wa kawaida. Wako mabingwa waliosifiwa kwa mashambulio yao. Petrosian alisifiwa kwa sababu hakufungika. Katika mashindano ya Curaçao ya mwaka 1962, yaliyompa nafasi ya kupigania ubingwa, alicheza michezo 27: akashinda 8, akatoka sare 19, wala hakufungwa hata mmoja. Wengine walimwona mchovu kutazamwa. Waliokaa mbele yake hawakumwona hivyo.

Upande wa kete nyeusi aliketi László Hazai, kijana wa Hungaria ambaye alikuwa bado hajatimiza miaka 20. Nje ya nchi yake walikuwa wachache waliomjua.

Kwa ajili ya wasomaji waliozoea drafti peke yake, yafaa tueleze mambo machache. Sataranji, jina tulilolipata kwa Waarabu, ambao walilipokea kwa Waajemi, na Waajemi kutoka India, huchezwa juu ya bao la nyumba 64. Kila upande una kete 16: mfalme, malkia, ngome mbili, maaskofu wawili, farasi wawili, na vitunda 8 vilivyopangwa mbele kama askari wa miguu. Malkia ndiye mwenye nguvu kuliko wote. Huenda mbele, nyuma, kando na kwa mshazari, umbali wowote njia ikiwa wazi. Wenye kupima thamani za kete husema malkia ni sawa na vitunda 9, na farasi ni sawa na vitunda 3. Kitunda chenyewe ni dhaifu, lakini kina tabia moja ambayo msomaji aikumbuke: huenda mbele tu, na hula kwa mshazari. Vitunda viwili vya maadui vikikutana uso kwa uso, kila kimoja humziba mwenzake, wala hakuna kinachoweza kupita. Vikikutana hivyo vingi, bao lote hugeuka ukuta.

Sasa turudi Schilde. Hatua zaidi ya 40 zilikuwa zimekwisha kuchezwa, na Hazai alikuwa taabani. Hakuwa amepoteza kete kubwa. Taabu yake ilikuwa ya namna nyingine, ile ambayo Petrosian alizoea kuwatia watu. Alikuwa amebanwa. Ukingoni mwa bao, kushoto kwa Petrosian, kilisimama kitunda chake kimoja dhaifu. Petrosian aliweza kumpandisha mfalme wake taratibu hadi karibu na kitunda kile, kisha akamzungusha farasi kwa njia ya nyuma, akakila. Hakukuwa na haraka yoyote. Hazai hakuwa na mahali pa kushambulia ili kumpotezea mwenzake muda. Alichobakiwa nacho ni kungoja, kama mpangaji aliyekwisha kupewa notisi.

Ilipofika zamu yake ya 45, kijana yule alimchukua malkia wake akamweka mahali ambapo farasi wa Petrosian angeweza kumla. Hakumficha wala hakumtega nyuma ya kete nyingine. Alimweka tu pale, aliwe.

Mcheza drafti hapa atasema kwamba Petrosian hakuwa na la kufanya. Katika drafti ukifunguliwa huna budi kula, upende usipende, na ndiyo maana mjanja humlisha mwenzake kizibo kimoja ili yeye aruke viwili. Lakini katika sataranji kula ni hiari. Sheria ilimruhusu Petrosian kumwacha malkia yule pale pale alipo, akasogeza kete nyingine, akaendelea na kazi yake ya polepole. Wachambuzi walioupekua mchezo huu baadaye wamesema kwamba hivyo ndivyo alivyopaswa kufanya: amsogeze malkia wake mwenyewe nyuma, ashike tena ile njia ya kukiendea kitunda cha ukingoni, na ushindi ungekuja kwa wakati wake.

Petrosian alikula. Farasi wake akamwondoa malkia, na kitunda cheusi kikamla farasi. Ukihesabu kwa vidole, Hazai alikuwa ametoa 9 akapokea 3. Mtu aliyekuwa akiingia ukumbini dakika ile angeuliza kwa nini kijana hajasalimu amri.

Lakini kile kitunda kilichomla farasi kiliruka kutoka safu moja hadi safu ya jirani, na kwa kuruka huko kikaziba tundu. Kikawa sasa nyuma ya kile kitunda dhaifu cha ukingoni, kikikilinda. Upande wote wa kushoto ukawa umefungwa. Katikati palikuwa pamefungwa tangu zamani. Ukabaki upenyo mmoja tu, mbali kabisa upande wa kulia, nao Hazai alikuwa ameunyoshea mkono auzibe kwa hatua moja ya kitunda.

Petrosian aliuona. Mtu wa namna yake hakosi kuona ukuta unapojengwa. Mara moja akasukuma kitunda chake mwenyewe ili auvunje mlango ule kabla haujafungwa. Hazai akakila, na kwa kukila huko akawa na vitunda viwili katika safu moja, kimoja nyuma ya kingine. Kwa kawaida vitunda vilivyosimama hivyo huhesabiwa kuwa ni kasoro. Hapa vilikuwa wokovu. Petrosian akamleta malkia wake ili apenye. Hazai akakisogeza kitunda cha mbele hatua moja zaidi, akakitoa nacho kiliwe. Kilipoliwa, kile cha nyuma kikapanda mahali pake na kusimama. Mlango ukafungwa.

Ndugu msomaji, hebu fikiri hali ilivyokuwa. Petrosian ana malkia. Hazai hana. Malkia yule anaweza kutembea huku na huko nyuma ya vitunda vyake mwenyewe kama mwenye nyumba aliyefungiwa uani, lakini hana hata upenyo mmoja wa kuingia kwa adui. Njia pekee iliyobaki ni kumtoa yeye mwenyewe aliwe ili kuuvunja ukuta, na hata hilo, maadamu mfalme wa Hazai alibaki karibu na katikati, halikumpa Petrosian tumaini la kushinda. Hazai hakuwa na haja ya kufanya lolote. Alimsogeza mfalme wake nyumba moja, akamrudisha. Akamsogeza tena. Walizunguka hivyo hadi hatua ya 58 ya Petrosian, kisha wakakubaliana sare.

Jambo linalonifanya niupende mchezo huu kuliko mingine mingi ni hili: silaha iliyomzuia Petrosian ilikuwa silaha ya Petrosian mwenyewe. Mwaka 1953, katika mashindano makubwa ya Zurich, alipokuwa na miaka 24, alicheza na Samuel Reshevsky wa Marekani. Reshevsky alikuwa na vitunda viwili vyenye nguvu katikati, vikitishia kusonga mbele na kukanyaga kila kitu. Petrosian alitazama, kisha akaisogeza ngome yake mahali ambapo askofu wa mwenzake angeweza kuila. Hakupata kete yoyote ya maana kwa wakati ule. Alichopata ni nafasi ya kumpeleka farasi wake kwenye nyumba moja mbele ya vitunda vile, na farasi yule akakaa pale kama gogo barabarani. Mchezo uliisha kwa sare katika hatua ya 41, na hadi leo walimu wa sataranji huufundisha. Tangu ujana wake Petrosian alikuwa amevisoma sana vitabu vya Aron Nimzowitsch, bwana ambaye ndiye aliyeandika kwa upana juu ya ufundi wa kuziba njia. Basi ikiwa kuna mtu duniani aliyepaswa kushtuka alipoletewa malkia wa bure, alikuwa yeye.

Kwa nini basi alikula? Hatuwezi kuingia katika kichwa cha mtu. Lakini nadhani tofauti ya nguvu yenyewe ilichangia. Mkubwa anapocheza na mdogo, hutarajia mdogo akosee. Kosa likitokea halimshangazi. Ndilo alilokuwa akilingoja. Malkia yule angetolewa na Spassky au na Botvinnik, naamini Petrosian angekaa nusu saa akijiuliza pana nini. Alipotolewa na kijana asiyejulikana, lilionekana ni jambo la kawaida: mtoto amekata tamaa, au hakuona. Hapo ndipo unyonge wa Hazai ulipogeuka kuwa kete ya 17.

Mwaka uleule wa 1970 shirikisho la sataranji la dunia lilianza kutumia hesabu ya kupima nguvu za wachezaji iliyotungwa na Arpad Elo, profesa wa fizikia huko Milwaukee, Marekani, ambaye kwa asili naye alizaliwa Hungaria. Hesabu hiyo inatufaa hapa. Kila mchezaji hupewa pointi. Mmoja akimzidi mwenzake kwa pointi 200, hutarajiwa kuvuna kama 76 katika kila 100. Akimzidi kwa 400, hutarajiwa kuvuna kama 91. Kwa hiyo mkubwa huyo akitoka sare, hesabu haisemi kwamba amepata nusu. Husema kwamba amepungukiwa, na pointi huondolewa kwake. Mdogo huongezewa. Iwapo wote wawili wanahesabiwa kwa mgawo wa 20, ambao ndio wa wachezaji wengi, sare moja ya namna hiyo humhamishia mdogo pointi 8 hivi. Kibarazani hili hujulikana bila hesabu: aliyezoea kushinda akitoka sare na kinda, huomba mchezo mwingine papo hapo.

Na huo mchezo mwingine ndio wa kuogopwa. Machi 2004, katika mji wa Reykjavik, Aislandi, Garry Kasparov, aliyekuwa wa kwanza duniani kwa pointi, alipangiwa michezo miwili ya muda mfupi na mtoto wa Norwe wa miaka 13, jina lake Magnus Carlsen. Tofauti yao ilizidi pointi 300. Picha zilizopigwa siku ile zinaonyesha mtoto yule, wakati Kasparov anafikiri huku ameshika kichwa, akiinuka kitini na kwenda kutazama mabao ya watu wengine. Carlsen alifika mahali pazuri kuliko mwenzake. Kasparov akajiokoa kwa shida, wakatoka sare. Ukumbi ulishangilia. Kisha wakapanga kete kwa mchezo wa pili, na Kasparov akashinda. Mtoto akatolewa mashindanoni. Sare ile haikuwa imemfanya awe sawa na Kasparov. Ilichomfanyia ni kumjulisha kwamba mtu yule hufikiri, huhangaika na kukuna kichwa kama watu wengine. Novemba 2013, huko Chennai, Carlsen alimshinda Viswanathan Anand akawa bingwa wa dunia.

Hapa tumefika nyumbani kwetu, maana wachezaji wasiolingana walio wengi hawako Reykjavik wala Schilde. Wako sebuleni: baba na mwanawe, shangazi na mpwa, kaka mkubwa na mdogo wake. Baba aliyerudi kazini amechoka huketi na mtoto wa miaka 9, na baada ya muda hujikuta mbele ya swali gumu: nimfunge kila siku hadi achukie mchezo, au nimwachie?

Wazazi wengi huwaachia. Hujifanya hawaoni, huacha kete ziliwe, kisha husema kwa sauti kubwa, "Lo! Leo tumetoka sare!" Mimi siungi mkono desturi hiyo. Watoto si wajinga kama tunavyodhani. Mtoto wa miaka 9 hujua baba anapocheza na anapoigiza. Sare ya kuigiza humfundisha kwamba mkubwa ndiye mwenye mamlaka ya kugawa matokeo, leo akipenda na kesho asipopenda. Hazai hakupewa nusu yake na Petrosian. Petrosian alitaka kushinda hadi dakika ya mwisho, akazunguka ukuta ule akitafuta tundu, na kwa sababu alitafuta kwa dhati, kijana aliondoka na kitu ambacho hakuna awezaye kumwambia alihurumiwa.

Iko njia ya haki, nayo ni ya zamani sana. Huko Ulaya na Marekani, katika karne ya 18 na ya 19, mchezaji hodari alipoketi na asiye hodari, alipunguza kete zake mwenyewe kabla ya mchezo kuanza. Paul Morphy wa New Orleans, aliyewashinda mabingwa wa Ulaya mwaka 1858 akiwa na miaka 21, alicheza michezo mingi bila farasi mmoja, au bila ngome moja, dhidi ya watu waliomzidi umri maradufu. Kete ikiisha kuondolewa, hakuna tena kuoneana huruma. Kila mtu hucheza kwa nguvu zake zote, na matokeo, yawe ushindi, kushindwa au sare, ni halali ya aliyeyapata. Wala hakuna siri, kwa kuwa pengo liko wazi juu ya bao na kila mtu analiona.

Basi baba anayejua sataranji aanze bila malkia. Mtoto akishinda michezo mitatu mfululizo, baba amrudishe malkia na kuondoa ngome. Baadaye aondoe farasi tu. Siku atakapofika kwenye kete 16 kwa 16, na mtoto akajifungia ndani ya boma lake baba asiweze kupenya, nusu ile itakuwa ya mtoto kweli.

Ama kuhusu gharama, seti ya dukani si lazima. Bao la drafti la nyumba 64 linafaa kama lilivyo. Vizibo vya soda 32 vinatosha, 16 vimepakwa rangi nyeupe na 16 nyeusi, na juu ya kila kimoja iandikwe herufi ya kwanza ya jina lake: N kwa ngome, F kwa farasi, A kwa askofu, K kwa kitunda. Taabu iko kwa mfalme na malkia, ambao wote huanza na M. Mmoja wao achorewe taji, na ni vizuri watoto wenyewe waamue ni nani.